Nani anasema imesaidia? Mitishamba kwa mnyama anayeishi na ugonjwa sugu

Mtu akishaambiwa figo za paka wake zimechoka na hazitarudi zilivyokuwa, au mbwa wake ana yabisi ya nyonga na ataishi nayo mpaka mwisho, usiku ule ule anashika simu anaanza kutafuta. Na atapata, tena mengi mno. Manjano ya viungo, mbigili maziwa wa ini, mafuta ya bangi isiyolevya, tiba ya sindano za Kichina (akupancha), unga wa uyoga, matone ya maua, na kila kimoja kina mtu anayeapa kwamba mnyama wake alikuwa hainuki na sasa anakimbia. Siwalaumu hata kidogo wanaotafuta, maana najua wanachotaka ni kitu cha kufanya. Ugonjwa sugu unakuacha mikono mitupu, dawa za daktari zinapunguza tu hazifuti, alafu we umekaa unamwangalia mnyama wako anapima kuruka kitandani, anaghairi, anageuka anaenda kulala chini.

Nyumbani nina wawili wa hivyo, mbwa jike mzee wa viungo na paka wa figo, na wote wawili wanapata vitu nje ya dawa za kawaida. Kwa hiyo usinihesabu upande wa wanaosema mitishamba yote upuuzi. Ila kuna swali moja naona watu wanaliruka kila siku, na kwangu ndo swali lenyewe: nani anasema imesaidia?

Manake mnyama hasemi. Binadamu akinywa kitu wiki mbili atakwambia goti limepoa au halijapoa. Kwa mbwa anayejibu ni we, na we ndo umetoa hela, umekesha unasoma, na unampenda kufa. Mwaka 2012 watafiti wawili, Conzemius na Evans, walichapisha utafiti juu ya hili hili. Walichukua mbwa wenye yabisi waliokuwa wanapewa plasibo, yaani kitu kisicho na dawa ndani, wakalinganisha majibu ya wenye mbwa na kipimo cha bamba la sakafuni, lile mbwa anatembezwa juu yake nalo linapima kila mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Zaidi ya nusu ya tathmini za wenye mbwa ziliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Na madaktari wenyewe, wakitazama kwa macho tu, nao walidanganyika, kama mara nne hivi katika kila kumi. Hakuna aliyekuwa anasema uongo, walikuwa wanatamani tu.

Alafu kuna kitu kingine hakisemwi vya kutosha, yabisi inapanda na kushuka yenyewe. Lini mtu anaanza dawa mpya? Wiki ile mbaya kuliko zote, wiki aliyoshindwa kuvumilia. Na baada ya wiki mbaya kuliko zote kwa kawaida inafuata wiki nafuu hata ungempa maji matupu, basi dawa inabeba sifa zote na ushuhuda unaandikwa siku hiyo hiyo.

Ndo maana kabla sijaongelea jani lolote nataka kuongelea kupima, maana bila kupima yote yanayofuata ni stori.

Mbwa wangu kipimo chake ni namna anavyoinuka. Mbwa mzima anainuka bila kufikiria, miguu ya nyuma inasukuma na amesimama. Huyu anaanza na ya mbele, anajivuta, makalio yanabaki chini kidogo, kisha mguu wa kulia wa nyuma unateleza kwa nje kabla haujashika sakafu. Namrekodi na simu, asubuhi kabla ya kidonge chake, sehemu ile ile, kutokea upande ule ule, na siiangalii video siku hiyo, naziangalia baadaye kwa pamoja nikiwa nimeshasahau ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Na kuna kucha. Kucha mbili za katikati za mguu huo zimelika kwa juu, mgongoni mwa kucha, sehemu ambayo mbwa anayenyanyua mguu vizuri hailiki kabisa, manake akichoka anauburuza, na kwenye sakafu ngumu unausikia ule mkwaruzo. Kucha zikianza kukua nzima, hiyo nafuu naiamini. Kucha haijui kwamba nimeanzisha dawa mpya.

Paka ni mizani. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, na chini ya manyoya huoni kitu, utaona siku akishakuwa mifupa. Tafuta mizani ya kupimia watoto wachanga, ile ya kusimama wewe umembeba haina macho ya gramu. Mnyama wa moyo mhesabie pumzi akiwa usingizini, kifua kikipanda na kushuka ni moja, kwa dakika nzima, akizidi 30 na ikajirudia mpigie daktari usisubiri. Wa kifafa andika kila degedege, tarehe, saa, imechukua muda gani. Na kubwa kuliko yote, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Unakuta mtu ameanza mafuta, unga, sindano na chakula kipya wiki moja, mnyama akapata nafuu, hutajua cha kushukuru ni kipi, na akiharisha hutajua cha kulaumu ni kipi.

Sasa, nini kinasimama ukikipima?

Kwa viungo, mafuta ya samaki. Zile omega-3 zinazoitwa EPA na DHA. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za vyakula na virutubisho vya yabisi kwa mbwa na paka, na omega-3 ndo zilionekana kweli kupunguza maumivu, wakati glukosamini na kondroitini, vile vidonge vya viungo ambavyo karibu kila mwenye mbwa mzee anavyo kabatini, havikuonyesha kitu. Najua hili linauma, nimeongea na watu wanaovitetea kwa machozi. Kwa kawaida havidhuru, ukitaka kuendelea endelea, ila visiwe sababu ya kumnyima dawa ya maumivu inayofanya kazi.

Hata hayo mafuta yana masharti. Dozi inahesabiwa kwa EPA na DHA zilizomo, siyo kwa vijiko, kwa hiyo chupa mbili za ujazo mmoja zinaweza zikatofautiana sana, mwache daktari akupigie hesabu kwa uzito wa mnyama wako. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine kabisa, yana vitamini A na D ambazo zinajikusanya mwilini mpaka zinakuwa sumu, na makopo yanafanana. Ukizidisha anaharisha, ananenepa, na mbwa ambaye kongosho lake lilishawahi kuvimba usimpe bila kuuliza. Alafu yanachacha. Yakinuka vibaya mwaga.

Na kitu ambacho hakiuzwi kwenye chupa ni uzito. Kuna utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuata tangu wakiwa watoto mpaka kufa, wamewekwa wawili wawili, mmoja anakula kawaida na mwenzake anapewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Waliokula kidogo waliishi kwa wastani wa kati miaka 13, wenzao 11.2, na yabisi yao ilichelewa kuja. Karibu miaka miwili, kwa kupunguza bakuli tu. Hakuna mzizi wala jani ninalolijua lenye matokeo kama hayo, na bado mtu ataagiza unga wa mbali huku mbwa wake hana kiuno. Naomba mnisamehe kwa kulikazia hili, ila nikiona mbwa mnene anachechemea roho inaniuma kweli.

Mazulia sehemu zinazoteleza, kukata kucha ili mguu ukanyage sawasawa, matembezi mafupi mara nyingi badala ya moja refu la wikendi, kutembea ndani ya maji pale ambapo kuna mtaalamu na kifaa, maana maji yanabeba uzito na misuli inafanya kazi bila viungo kugongwa, hivyo vyote kwangu ni tiba za kusaidia na ndo vinakaa mbele ya majani. Tiba ya sindano nayo siipingi, siyo kitu cha mtaani, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wanaoitumia kipo tangu 1974, ushahidi wake kwa yabisi umechanganyika lakini hatari ni ndogo ikifanywa na daktari aliyesomea. Mbwa wangu analala fofofo akiwa na sindano mgongoni, tunaendelea. Mnyama anayetetemeka toka mlangoni msimlazimishe, hofu nayo ni mateso. Homiopathi mi siitumii, vitu vimezimuliwa mpaka hakuna kilichobaki, na ubaya wake ni muda unaopotea mnyama akiwa hatibiwi.

CBD ya bangi, ile sehemu isiyolevya, inaongelewa sana kwa hiyo niseme ninachojua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2018 majaribio kwa mbwa wenye yabisi, miligramu 2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, na maumivu yalipungua. Lakini kwenye damu kimeng'enya kimoja cha ini, ALP, kilipanda. Mbwa wa kifafa anayetumia fenobabitali hicho kimeng'enya kinapanda tayari kwa sababu ya dawa, sasa ukimwekea CBD kimya kimya daktari anaangalia majibu ya damu hajui anasoma nini. Na THC, ile inayolevya, kwa mbwa ni sumu, anayumba, anajikojolea, anaweza kuzimia kabisa. Pipi laini za CBD za watu zina hatari ya pili, nyingine zimetiwa xylitol, sukari mbadala inayoshusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini lake. Lebo isomwe mpaka mstari wa mwisho.

Sasa paka. Hapa naomba tutulie.

Ini la paka halifanani na la mbwa wala letu. Kuna njia moja ambayo ini hutumia kuifunga sumu na kemikali nyingi ili zitoke kwenye mkojo, na paka njia hiyo ni dhaifu sana, jeni linalohusika limeharibika kwao tangu zamani za mababu zao, labda kwa sababu mla nyama tupu hakuhitaji kupambana na kemikali za mimea. Ndo maana kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kuua paka. Ndo maana aspirini mwilini mwake inachukua karibu saa 40 kupungua nusu. Na kama mnyama kakosa kifaa cha kushughulikia kemikali za mimea, dawa za mimea ndo sehemu ya kuwa mwangalifu kuliko zote, hapo neno asilia halimlindi kwa lolote.

Mafuta ya kunukia, ya karafuu, ya mdalasini, ya mnanaa, ya mkaratusi, ya melaleuka yale watu wanapaka kwenye chunusi, usimpake paka. Na usijifariji kwamba umepaka mgongoni tu kwa nje, paka kila kilicho juu ya manyoya yake kinaishia tumboni maana anajilamba. Kile kifaa cha kupuliza harufu chumbani nacho kinatua juu ya manyoya. Mafuta ya mwarobaini watu wanapenda kuyatumia kwa viroboto, kuna paka yamewapiga vibaya, wakaanza kutoa udenda na kutetemeka. Kitunguu saumu kwa viroboto vile vile, familia nzima ya vitunguu inapasua chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka anaumia kwa kiasi kidogo zaidi. Na kama una paka, maua ya yungiyungi, yale yanayoitwa lili, yasiingie ndani, hata chavua iliyodondoka au maji ya kwenye chombo yanaweza kuua figo, sembuse paka ambaye figo zake zimeshaanza kufa.

Kwenye figo ndo nakutana na kitu kinachonisumbua kuliko vyote, zile dawa za kusafisha figo. Ukisoma lebo unakuta nyingi ni mimea inayokojoza. Fikiria kidogo. Paka wa figo shida yake figo haziwezi tena kukaza mkojo, maji yanampita tu, anakojoa madimbwi, anakunywa hatosheki, mwili unakauka, na kwa kukauka anapata choo kigumu na kichefuchefu. We unampa jani la kumkojoza zaidi. Unaisukuma figo kule kule ilikokuwa inaelekea. Hiyo lugha ya kusafisha inavutia kwa sababu tunadhani figo imeziba na uchafu, wakati ukweli ni kwamba vichujio vyake vimekufa, na waliokufa hawasafishwi wakafufuka. Kinachosaidia kwa ushahidi ni chakula cha figo chenye fosforasi ndogo, maji, kudhibiti presha, dawa ya kichefuchefu akihitaji, na maji ya chini ya ngozi kwa baadhi yao, ambayo mwenye paka anafundishwa kuyaweka mwenyewe.

Wangu nimemwekea bakuli za maji sehemu tatu mbali na chakula, chakula cha majimaji nakiongezea maji ya uvuguvugu mpaka kinakuwa uji, na kwa choo kigumu anapata nyuzinyuzi za siliamu kidogo sana zilizolowekwa kwanza, daktari wake anajua. Hiyo siliamu ndo mmea pekee kwenye orodha yake. Mgongo wake, pale karibu na mkia, manyoya yalikuwa yamesimama vipande vipande kama brashi ya zamani maana alishaacha kujilamba, na yaliporudi kulala nilijua kichefuchefu kimetulia kabla hata ya mizani kusema.

Kugongana na dawa ndo kitu cha kuogopa kuliko hata sumu yenyewe, kwa sababu kila kimoja peke yake unaweza kukiona kizuri. Gome la mti wa wilo lina salisini, ndugu wa aspirini, ukiliweka juu ya meloksikamu au kaprofeni, dawa za maumivu za daktari, unatafuta vidonda vya tumbo na damu. Manjano kwa wingi, hasa yale yaliyochanganywa na pilipili manga ili yafyonzwe vizuri, yanaweza kupunguza kuganda kwa damu, na pilipili manga hiyo hiyo inaweza ikabadilisha kiasi cha dawa nyingine kinachoingia mwilini. Mzizi wa likorisi unashusha potasiamu na kupandisha presha, sasa mbwa wa moyo anayetumia furosemaidi, dawa ya kukojoza, tayari anapoteza potasiamu kwenye mkojo. Mimea yenye utelezi inayopakaa tumbo inaweza kuzuia vidonge visifyonzwe, itenge na dawa kwa saa mbili hivi. Mnyama wa kisukari anayechomwa insulini ukimwongezea mmea wa kushusha sukari unaweza kumwangusha kabisa, anayumba, anatetemeka, anapata degedege, hapo unampaka asali kwenye ufizi huku uko njiani kwenda kliniki. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafla hata siku moja kwa sababu umepata mbadala, kuikata kunaweza kuleta degedege zisizokoma.

Sasa haya yote daktari hawezi kuyaona kama hujamwambia, na watu hawasemi. Wanaogopa kuchekwa, na niseme ukweli kuna madaktari wanacheka. Nilishawahi kujibiwa kwa mkono wa kufukuza nzi nilipouliza kuhusu mafuta, na najua mwingine angetoka pale akaendelea kwa siri. Usiende kwa siri. Piga picha lebo za kila kitu, pande zote, mwonyeshe, kisha muulize kinagongana na dawa gani aliyonayo, kinapitia ini au figo, na tutapima nini baada ya muda gani. Hayo maswali hata asiyependa mitishamba anaweza kuyajibu, na akishindwa kabisa kukusikiliza tafuta mwingine, wapo madaktari wa wanyama waliosomea mitishamba na watakukatalia vitu vingi kuliko unavyodhani. Mbigili maziwa kwa mfano wengi wao wanaiandika kwa magonjwa ya ini, lakini wanaiandika wakiwa na majibu ya damu mezani.

Kitu cha mwisho ambacho karibu hakuna anayefanya ni kuacha. Tunaongeza tu, kopo juu ya kopo, mpaka chakula cha mnyama kinanuka duka la dawa. Kama kitu kimepewa muda wake, na omega-3 zinahitaji wiki kadhaa siyo siku mbili, kisimamishe ukiwa umeongea na daktari, endelea kurekodi, uone kama kuna kinachobadilika. Naongelea virutubisho, siyo dawa alizoandikiwa. Manjano ya mbwa wangu nilisimamisha hivyo, video zikabaki zile zile, kucha zile zile, hayajarudi. Mafuta ya samaki niliposimamisha ule mguu ulianza kuteleza zaidi, nikayarudisha.

Kwa paka hili la kuacha ni la haraka zaidi, kwa sababu paka mgonjwa akichukia harufu ya unga uliouchanganya kwenye chakula ataacha chakula chenyewe, na paka asiyekula siku chache tu mafuta yanaanza kujaa kwenye ini lake. Kwa hiyo sheria ya bakuli nyumbani kwangu, chochote kinachomfanya anuse na kurudi nyuma kinatoka siku hiyo hiyo, hata kiwe kimesifiwa vipi. Mwezi huu anakula vizuri, uzito umesimama, ana vipimo vya damu na mkojo wiki ijayo na hapo tutajua kama fosforasi imekubali chakula peke yake au anahitaji kitu cha kuifunga.